Jinsi ya kuangalia picha ya Nambi bila haraka: mwongozo kamili kutoka kwa fundi fremu wa Katwe

Mi ni fundi fremu hapa Katwe, Kampala. Nikisema hivyo usidhani nilisomea sanaa mahali, hapana, nilizaliwa kambi ya jeshi Jinja, Kiswahili changu ni cha kambi na elimu yangu ya picha ni ya kuzishika tu, kuzipima, kuzigeuza nyuma, na zaidi ya yote kukaa nazo zikingoja wenyewe walete balansi. Hapo kwa kungoja balansi ndipo nilipojifunza hii kitu nataka kuwaelekeza leo, manake picha ikikaa na wewe wiki 3 ukutani, hata kama hutaki, itaanza kukuonyesha vitu.

Nazungumzia picha za hadithi. Yaani ile picha ya kuchorwa kwa mkono ya mtu ambaye hajawahi kuishi mahali, au aliishi kwenye midomo ya bibi zetu tu: nguva, jini la kisimani, binti wa mfalme aliyegeuzwa ndege, Nambi wa mbinguni. Hizi picha watu wanazionea sana. Ukimletea mtu picha ya mzee fulani kavaa suti ataichunguza, ati pua imekosewa, ati sikio moja kubwa, lakini ikija ya hadithi anasema "ah, mambo ya kufikirika hayo", anaangalia sekunde 3, anaipiga na simu, anauliza bei, huyo ameenda. Mi naona ni kinyume kabisa. Mchoraji wa hadithi hana mtu wa kukalisha kwenye kiti mbele yake, kwa hiyo kila kitu unachokiona pale alikiamua mwenyewe, na kitu kilichoamuliwa unaweza kuuliza kwa nini.

Nitatumia picha moja mwanzo mpaka mwisho. Hajati mmoja wa Bombo, baba yake Mnubi na mama yake Muganda, aliniletea picha ya Nambi imechorwa juu ya lubugo, ile nguo ya gome la mti, upana kama mita 1 hivi, sahihi ya mchoraji haisomeki. Akalipa nusu, akasema "fundi, narudi Ijumaa". Hiyo Ijumaa ilifika baada ya wiki 3.

Kabla hujaanza

Tafuta mwanga wa mchana unaoingia kutoka ubavuni, sio taa ya juu, na sio jua lenyewe likiipiga picha moja kwa moja (jua litakula rangi zako pole pole, hiyo nakuambia kama fundi hata kama hukuuliza). Kama picha ina kioo, zima taa ya nyuma yako, la sivyo utakuwa unajiangalia mwenyewe. Leta kiti. Watu wanacheka nikisema kiti lakini miguu ikichoka macho nayo yanachoka. Simu weka mfukoni, tutaihitaji baadaye kwa tochi tu. Na kama pembeni kuna karatasi yenye jina la picha na maelezo, usiisome bado.

Umbali: picha ya mita 1, kaa kama mita 1 na nusu mpaka 2. Hapo unaiona yote bila kuzungusha kichwa. Kusogea karibu kutakuja.

Hatua ya kwanza: jua jicho lako lilitua wapi

Funga macho, fungua, na ukamate mahali jicho lilipotua kwanza. Usibishane nalo. Alafu liache litembee lenyewe na wewe ulifuate tu kama unafuata ng'ombe wa mtu, ona linaenda wapi la pili, la tatu, wapi linakwama, wapi halitaki kwenda.

Kwa picha ya Hajati mi nilitua kwenye shavu la Nambi. Kila siku shavu. Kutoka hapo nashuka na mkono wake wa kushoto, nafika kwa kuku aliyemshika miguu, nafika kwenye mdomo wa kuku, alafu nateleza chini kwenye njia ya murram mpaka kwa mgongo wa Kintu, mume wake, na ng'ombe wake kule pembeni kulia. Sasa kwa nini shavu? Finya macho mpaka uone ukungu, kama unaangalia ziwa mchana. Vitu vidogo vinapotea, linabaki jeupe na jeusi tu. Pale ambapo jeupe kabisa linagusana na jeusi kabisa, hapo ndipo mchoraji amekuwekea ndoana. Shavu la Nambi lina mwanga wa dhahabu na nyuma yake kuna nywele nyeusi tii. Huyo mchoraji alijua anachofanya.

Fanya hivi dakika 5. Dakika 5 ni ndefu sana, utaona.

Hatua ya pili: tafuta hadithi yenyewe, na uipate kwa mtu

Picha ya hadithi bila hadithi ni mwanamke na kuku. Uliza mzee, uliza jirani, uliza hata zaidi ya mmoja manake kila mtu ana yake na tofauti zao zitakusaidia mbele. Ukiwa Buganda utasikia wanaanza "Awo olwatuuka", hiyo ndiyo hapo zamani za kale yao.

Ya Nambi kwa ufupi, kwa wale wa mbali. Kintu alikuwa mtu wa kwanza, yuko peke yake duniani na ng'ombe wake mmoja. Nambi ni binti wa Ggulu, mwenye mbingu, alishuka akamwona akampenda. Ndugu zake hawakumtaka huyu mkwe wa kunywa maziwa tu, ng'ombe akachukuliwa, Kintu akapandishwa juu kujaribiwa: amalize chakula cha nyumba nzima, apasue mwamba kwa shoka, ajaze mtungi kwa umande, mwisho amtambue ng'ombe wake katikati ya makundi ya ng'ombe, na hapo nyuki ndiye aliyemsaidia. Akashinda. Ggulu akawaambia chukueni vitu vyenu mwondoke haraka sana, na mkisahau kitu msirudi, kwa sababu kaka yake Nambi, Walumbe, hayupo saa hii na akijua atataka kuwafuata. Walumbe ndiye kifo chenyewe. Wakatoka. Njiani Nambi akakumbuka amesahau bulo, yaani ulezi, chakula cha kuku. Kintu akakataza. Nambi akarudi. Walumbe akamwona, akamfuata mpaka duniani, na ndiyo maana tunakufa. Ndugu yao Kayikuuzi alitumwa amkamate, wakafukuzana mpaka Walumbe akaingia ardhini Ttanda, kule Mityana, na yale mashimo watu wanaenda kuyaona mpaka leo.

Hatua ya tatu: ni sekunde gani?

Hapa kaa sana. Mimi nikikuelekeza kitu kimoja tu kwenye huu mwongozo wote ni hiki, zingine zinakizunguka.

Hadithi inachukua jioni nzima, picha inapewa sekunde moja. Mchoraji alikuwa na Kintu akila, Kintu na shoka, mtungi wa umande ambao ungependeza sana kuchora, nyuki, mbio za Ttanda. Vyote akaviacha. Akachukua nini? Kwa hii ya Hajati Nambi yuko katikati ya njia, mwili wake unaelekea kulia, duniani, mguu mmoja uko mbele, lakini shingo imegeuka kushoto kule walikotoka. Basi. Hajarudi bado. Hajasema kitu bado. Kintu hajajua, yeye anaenda tu na ng'ombe wake. Ni ile sekunde mtu anapapasa mfuko na kukuta funguo hakuna.

Jiulize hivi: sekunde 10 kabla ya hapa ilikuwaje, na sekunde 10 baadaye itakuwaje? Kama unaweza kujibu zote mbili kwa kuangalia picha tu basi mchoraji alichagua vizuri. Angechora Walumbe amemkamata, tungeogopa kidogo tukamaliza. Hapa bado kuna nafasi, unataka kumwambia dada yangu wacha tu, bulo tutapata huko mbele, na haiwezekani.

Nilikuja kuielewa hii vizuri kwa picha ya mbali kabisa. Mteja aliniletea posta kubwa, yaani picha ya kuchapwa, niifremu, imetolewa kutoka kwa picha ya Mrusi anaitwa Mikhail Vrubel, aliichora mwaka 1900, yenyewe halisi iko Moscow kwenye galari ya Tretyakov na urefu wake ni kama sentimita 142. Ni Binti Mfalme Batamaji, yule ndege mkubwa mweupe wa shingo ndefu, kwenye hadithi yao mwana wa mfalme anamwokoa huyo ndege na ndege anakuja kugeuka msichana. Mke wa Vrubel alikuwa mwimbaji na mwaka huohuo aliimba hiyo sehemu jukwaani. Sasa angalia: msichana ana taji, macho makubwa mpaka yanasumbua, mabawa yanaanza kwenye mabega yake, nyuma ni bahari ya giza na mstari mwekundu wa machweo. Na shingo? Imegeuka! Mwili unaelekea kwenye maji, uso unakuangalia wewe. Anakuja au anaenda? Anakuwa mtu au anarudi kuwa ndege? Mrusi wa 1900 na mchoraji wetu wa lubugo hawajawahi kuonana lakini wote wamekwenda kwenye kugeuka. Tangu siku hiyo, ikija picha yoyote ya hadithi, kwanza naangalia shingo.

Hatua ya nne: winda vitu vya kweli

Kitu cha uongo kinashikiliwa na vya kweli vilivyokizunguka. Kama kila kitu kinaelea, picha inakuwa ni rangi tu. Kwa hiyo sasa sogea karibu, sentimita 30, na utafute ni wapi mchoraji alikaa na kitu halisi mbele yake.

Kwa Nambi ni kuku. Huyo kuku, nakuapia, ni kuku wa soko la Nakawa au Owino. Ameshikwa miguu, kichwa chini, miguu imefungwa kamba ya mgomba na mchoraji amechora mpaka nyuzi zinavyochomoza. Bawa moja limelegea. Na shingo ya kuku imejikunja kwenda juu, manake kuku ukimbeba hivyo hakubali kichwa kining'inie, anakiinua kuangalia, anachoka, anakiacha, anakiinua tena, kila aliyepanda taksi na kuku Desemba anajua. Mdomo uko wazi. Siku ya nne au ya tano ndipo nikaelewa: mdomo wazi ni njaa. Nambi hakukumbuka bulo hivi hivi, kuku ndiye aliyemkumbusha! Hadithi niliyosimuliwa haina hilo, mchoraji amelitoa kwa kujua kuku.

Kingine ni kisigino chake. Binti wa mbinguni lakini kisigino kina vumbi jekundu, ameshaikanyaga dunia kidogo. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba.

Kwa Vrubel nenda kwenye manyoya. Ukiyaangalia kwa mbali ni meupe, ukikaribia hayana weupe hata kidogo, ni zambarau, waridi, kijivu, buluu, vipande vipande kama ndani ya kombe la chaza. Na sio bahati, miaka 4 baadaye yaani 1904 alikuja kuchora ndani ya kombe lenyewe. Mtu alikuwa anapenda kitu kimoja cha kweli na akakivalisha ndege wa hadithi.

Hatua ya tano: mwanga unatoka wapi

Usitafute jua, tafuta vivuli, vivuli ndivyo vitakuambia. Chukua kila kitu kinachosimama kwenye picha, ona kivuli chake kinalala upande gani, alafu rudi kinyume chake.

Kwa Nambi mwanga mkubwa unatoka juu kushoto, mbinguni, wa njano kama saa 12 jioni. Kulia, upande wa dunia, kuna mwanga mwingine baridi wa buluu kama alfajiri na milima imefifia vile vilima vya Kampala vinavyofifia asubuhi, cha mbali kinakuwa cheupe na cha buluu zaidi. Sasa fikiria. Kama Nambi angekuwa anaangalia mbele, uso wake ungekuwa kwenye buluu, kwenye baridi, tungeuona kwa shida. Uso umepata dhahabu kwa sababu amegeuka. Yaani mchoraji amefanya lile kosa la kutuua sisi wote ndilo linalompendeza. Niliposhika hiyo nilizima mashine nikakaa.

Hatua ya sita: lala na picha, yaani tochi

Simu sasa. Washa tochi, iweke ubavuni mwa picha karibu sawa na ukuta, mwanga ulambe uso wa picha. Usiguse. Utaona milima na mabonde: wapi rangi ni nene, wapi brashi imepita mara moja, wapi amefuta akarudia. Rangi ya mafuta inabaki na alama za brashi na inakauka polepole sana, akriliki inakauka haraka na mara nyingi inalala kama plastiki. Kama inateleza sawasawa mahali pote bila bonde wala mlima, kuna uwezekano mkubwa umeuziwa posta iliyochapwa juu ya kanvasi, na siku hizi ziko nyingi, zingine zimetengenezwa na kompyuta bila mtu. Hizo hesabu vidole, na fuata kamba uone inaanza wapi na inaishia wapi. Kamba ya yule kuku wangu inaanza na inaishia.

Lubugo ni habari yake. Ni gome la ndani la mti wa mutuba, linavuliwa, linapigwa na nyundo za mbao zenye mistari mpaka linapanuka linakuwa nguo, na mti unafungwa majani ya mgomba upone uvuliwe tena mwaka ujao. UNESCO waliitangaza hiyo kazi mwaka 2005 kuwa urithi usioshikika wa binadamu. Ukiimulika na tochi utaona mistari ya nyundo na viraka vilivyoshonwa pale gome lilipotoboka. Mchoraji mvivu anaficha viraka, huyu wa Hajati alikiacha kimoja wazi mbinguni, kikawa kama wingu. Na ile rangi yake ya udongo hakuipaka popote kwenye njia, aliacha nguo yenyewe iwe njia.

Alafu kuna hili ambalo mimi mtoto wa kambi sikulijua, Hajati ndiye aliniambia. Baganda wanazikia lubugo. Maiti inafungwa ndani yake. Kwa hiyo picha ya jinsi kifo kilivyokuja imechorwa juu ya sanda. Mnaona sasa kwa nini nasema geuzeni picha mwone imechorwa juu ya nini.

Hatua ya saba: kingo

Hapa nakiri kosa. Zamani kidogo, sio hii ya Hajati, niliwekewa kazi ya Kintu akichagua ng'ombe wake, nikazungushia maunti, ile kadibodi ya ndani ya fremu, nikala sentimita 2 kila upande ili ikae vizuri. Ikapendeza. Mwenyewe akaja, akaangalia, akaniuliza kwa sauti ya chini kabisa, "Fundi, nyuki wangu yuko wapi?" Nyuki alikuwa kwenye kona ya juu. Nimemfunika mimi. Bila nyuki hiyo picha ni mnada wa ng'ombe. Nilifungua yote, nikarudia kwa hasara yangu.

Tangu hapo natembea kingo zote nne kwa kidole hewani, polepole, kona kwa kona. Nini kimekatwa? Nani anaingia, nani anatoka? Watu hawaangalii kingo na wachoraji wanajua kwamba hatuangalii.

Basi wiki ya tatu nikatembea kingo za Nambi. Juu, mawingu. Kulia, pembe ya ng'ombe imekatwa, sawa, wanatoka. Chini, murram. Kushoto kuna kivuli. Chembamba, kirefu, rangi ya kahawia iliyokolea kidogo tu kuliko lubugo, kinaingia kutoka nje ya picha na kulala kwenye njia mpaka karibu na kisigino chenye vumbi. Nikahesabu: kivuli cha Kintu kipo, cha ng'ombe kipo, cha Nambi kipo na cha kuku ndani yake. Hiki ni cha nne na mwenyewe hayupo. Kwa wiki 3 nilikuwa nakunywa chai mbele yake.

Unaweza kusema ni mti. Mi nilisema ni mti siku mbili nzima. Lakini mbinguni kwenye hii picha hakuna mti mwingine, na hicho kivuli kina mabega. Kwa hadithi Walumbe hajafika bado saa hiyo, bulo halijarudiwa. Mchoraji amemleta mapema. Kwa hiyo labda Nambi hageuki kwa sababu ya bulo tu, labda amesikia nyayo. Au labda angekuja tu hata asingerudi. Hapo sasa ndipo zile hadithi tofauti ulizokusanya kwa wazee zinafanya kazi, rudi uulize tena.

Hatua ya nane: nguo, na vitu visivyo vya wakati wake

Fupi. Angalia amevaa nini, manake hakuna ajuaye binti wa Ggulu alivaa nini. Nimewahi kufremu Nambi kavaa gomesi, ile gauni ndefu ya heshima ya wanawake wa Buganda. Nikacheka, gomesi ilikuja mwanzoni mwa karne ya 20 na jina lake ni la fundi cherehani Mgoa aliyeitwa Gomes, mtu wa kwanza duniani ataipata wapi? Lakini yule mchoraji alitaka Nambi awe shangazi yako anayekwenda kwenye harusi, na ukimwangalia hivyo inakaa. Usikimbilie kusema amekosea, uliza anataka Nambi awe nani kwako. Wa Hajati amefungwa lubugo kifuani, kwa hiyo lubugo imechorwa juu ya lubugo, na nguo na njia ni kitu kimoja.

Hatua ya tisa: ichore vibaya

Kalamu ya risasi, nyuma ya risiti, dakika 2. Usijali inafanana na nini. Mkono unajua vitu ambavyo jicho linapita juu yake, mimi ile shingo ya kuku niliielewa kwa kuikosea mara 3. Kisha mweleze mtu ambaye hajaiona picha, kwa mdomo, mpaka aione. Mahali utakapokwama kueleza, huko hukuangalia, rudi. Huyu mama Mwingereza Margaret Trowell, aliyeanza kufundisha kuchora hapa Kampala 1937 kwenye baraza ya nyumba yake, ndiye shule ya sanaa ya Makerere ina jina lake, alikuwa akisimulia kisa na wanafunzi wanachora walichokiona kichwani. Wewe fanya kinyume, toa picha, rudisha kisa.

Mahali pa kufanyia mazoezi papo. Nommo Gallery kule Nakasero ipo tangu 1964, Makerere wana galari yao ndani ya chuo, na hata kijiji cha sanaa nyuma ya National Theatre unaweza kusimama mbele ya picha bila mtu kukufukuza, ingawa wenye vibanda watakusemesha, uwaambie tu "naangalia kidogo, ssebo". Chagua moja. Usizunguke zote. Na za mbali kama ya Vrubel tafuta kwenye intaneti picha kubwa kutoka kwa jumba lenyewe, manake nyingine zinazozunguka rangi zake zimechezewa, mpaka bahari inakuwa ya kijani.

Ile ya Hajati

Alikuja Jumatano na balansi yake. Nikamkalisha kwenye kiti kilekile, nikamwambia Hajati naomba dakika 5, akaangalia saa lakini akakaa. Sikumwonyesha kitu. Alipita kwenye shavu, akapita kwa kuku, akacheka kidogo kwa kuku, mwisho nikamwona macho yameenda kushoto yakabaki huko. Akanyamaza. Akasema, "Marehemu mama alikuwa akitukataza, ukitoka nyumbani ukasahau kitu usirudi, tuma mtu." Akaniuliza kama nimeacha nafasi upande wa kushoto, nikamwambia sikuweka maunti kabisa, fremu imeshika ukingo kwa milimita 3 tu na kivuli kiko chote. Akalipa, tukaifunga na blanketi, akapanda nayo boda, ameikumbatia kama mtoto.

Hazikupita dakika 10 simu ikalia. Amesahau misumari na waya wa kutundikia, viko pale juu ya meza yangu kwenye kamfuko. Nikamwambia Hajati si uko Clock Tower tu hapo, geuza boda.

"Ah, fundi," akasema, na nikasikia anacheka lakini sio sana. "Mimi sirudi. Namtuma huyu kijana."